Mama mkubwa ameombwa kujiunga na majaribio ya dawa ya baridi yabisi: tuulize nini kabla hajatia dole gumba?

BintiWaNansio aliandika:

Wakubwa zangu shikamooni, na wenzangu nawasalimu. Mimi ninaishi Nyegezi, Mwanza, lakini jambo ninalolileta linamhusu mama yangu mkubwa wa Nansio, Ukerewe, mwenye umri wa miaka 58, ambaye kwa miaka kadhaa sasa anaugua baridi yabisi ya aina ile ambayo kinga ya mwili hushambulia viungo vyenyewe. Si maumivu ya uzee. Asubuhi vidole vyake havikunjiki mpaka jua lipande, na kazi yake ya kuanika dagaa, inayomtaka mtu awe mwaloni alfajiri, amewaachia watoto. Daktari anayemwona hapa mjini alimwanzishia methotreksati, dawa ya kutuliza kinga, anayoimeza mara moja kwa wiki pamoja na vidonge vya asidi ya foliki, na nafuu ilipatikana, ila haikufika pale tulipotarajia. Viganja bado huvimba, na nyayo ndizo zinazomtesa zaidi.

Sasa ameelezwa kwamba upo utafiti wa dawa mpya ya vidonge, ya kundi linalozuia vimeng'enya viitwavyo JAK, na kwamba anaweza kujiunga akipenda. Amepewa fomu ya ridhaa ya Kiswahili arudi nayo nyumbani aijadili na familia. Nimeisoma yote, na yapo mambo ambayo tumeshindwa kukubaliana.

Kwanza, fomu inasema washiriki watagawanywa kwa bahati nasibu, wengine wapate dawa mpya, na wengine wapate kidonge kinachofanana nayo kwa kila kitu isipokuwa hakina dawa ndani, yaani plasebo, na kwamba hata daktari anayewaona hatajua nani amepata nini. Mjomba wangu anasema huko ni kumwacha mgonjwa ateseke makusudi ili watu wapate takwimu zao. Pili, mama mkubwa ana shinikizo la damu, nami nimesikia kwamba dawa za kundi hilo zina tahadhari kuhusu moyo. Tatu, utafiti ukiisha, dawa itaendelea au atakatiwa siku hiyohiyo?

Mwenyewe ameshaelekea kukubali kwa sababu vipimo ni bure na nauli ya meli itarudishwa, jambo ambalo nalo linanitia shaka kidogo. Naomba ushauri wa wenye uzoefu wa tafiti za namna hii hapa Kanda ya Ziwa. Sitaitaja hospitali wala utafiti wenyewe, kwa kuwa sitaki mjadala ugeuke wa kuwahukumu watu ambao mpaka sasa hawajatukosea.

MuuguziMstaafu_Igoma alijibu:

Marahaba mwanangu, na pole kwa kuuguza. Nimefanya kazi ya uuguzi wa utafiti kwa muda mrefu kabla ya kustaafu, na nitalijibu la kwanza kwa urefu kwa kuwa ndilo linalozua ugomvi katika familia nyingi.

Plasebo ikitajwa, watu hudhani mgonjwa ananyang'anywa dawa zake na kupewa unga. Katika majaribio ya baridi yabisi ya siku hizi kwa kawaida haifanyiki hivyo. Mgonjwa ambaye methotreksati imemsaidia nusunusu huendelea na methotreksati yake ileile, kwa dozi ileile, na juu yake huongezwa ama dawa mpya ama plasebo. Kwa hiyo wanaolinganishwa ni mtu anayepata tiba ya kawaida na mtu anayepata tiba ya kawaida pamoja na nyongeza. Fungua fomu, tafuta sehemu inayoeleza dawa ambazo mshiriki ataendelea nazo, na uhakikishe methotreksati imetajwa kwa jina. Ukikuta imeandikwa kwamba ataiacha na kubaki na plasebo peke yake kwa miezi, basi mjomba wako ana hoja, nami ningekuwa upande wake. Azimio la Helsinki la maadili ya utafiti, ambalo Chama cha Madaktari Duniani kililipitisha mwaka 1964 na kulirekebisha mara nyingi tangu hapo, linaruhusu plasebo pale ambapo hakuna tiba iliyothibitishwa, au pale ambapo ipo sababu nzito ya kisayansi na wagonjwa hawatawekwa katika hatari ya madhara makubwa au yasiyorekebishika kwa kukosa tiba iliyo bora. Katika baridi yabisi maneno hayo ya mwisho yana uzito wake, kwa kuwa uvimbe usiodhibitiwa hula gegedu na mfupa, na mfupa ulioliwa haurudi.

Kisha tafuta panapoelezwa tiba ya kumwokoa mshiriki asiyepata nafuu. Itifaki nyingi za ugonjwa huu huweka wiki maalumu, mara nyingi kati ya wiki ya 12 na ya 24, ambapo mtu ambaye uvimbe wake haujapungua kwa kiwango kilichowekwa huhamishiwa kwenye dawa yenyewe au hubadilishiwa tiba, bila kusubiri utafiti wote ufike mwisho. Wiki hiyo ikiwa haimo kwenye fomu, ulizeni, na jibu mlitake kwa maandishi.

Utauliza kwa nini wasiwape wote dawa mpya wakaona matokeo. Sababu ni kwamba ugonjwa huu hupanda na kushuka wenyewe. Mtu hujiunga na utafiti akiwa amezidiwa, na wiki chache baadaye pengine angepata nafuu hata asingepewa kitu. Tena akiwa ndani ya utafiti anapimwa, anasikilizwa, na anameza vidonge vyake kwa utaratibu kuliko alivyokuwa akifanya nyumbani. Si ajabu katika majaribio haya kuona robo ya waliopata plasebo, wakati mwingine hata theluthi, wakifikia kiwango cha nafuu ya asilimia 20 ambacho madaktari wa viungo wa Marekani walikiweka mwaka 1995 na ambacho hutumika mpaka leo. Bila kikundi cha kulinganishia, nafuu hiyo yote ingehesabiwa kuwa kazi ya dawa.

Niseme na jambo moja ambalo fomu nyingi hulipita haraka, kwa kuwa umezitaja nyayo. Siku ya mahudhurio mpimaji humbonyeza mgonjwa kiungo kimoja kimoja kwa dole gumba, kwa nguvu ya kutosha tu kuufanya ukucha wa mpimaji mwenyewe uwe mweupe, akiuliza kila mara kama panauma, huku mwenzake akiandika. Hesabu fupi ina viungo 28: mabega, viwiko, vifundo vya mikono, vifundo vya vidole vya mikono, na magoti. Vifundo vya miguu na nyayo havimo kabisa. Mgonjwa ambaye mikono yake imetulia lakini hawezi kukanyaga chini asubuhi anaweza kuonekana kwenye karatasi kama aliyepona. Ipo hesabu ndefu ya viungo 68 kwa maumivu na 66 kwa uvimbe, ambayo hufika hadi vidole vya miguu. Muulizeni mtafiti anatumia ipi, na iwapo ni ile fupi, mama mkubwa azitaje nyayo zake kila mahudhurio ziandikwe kwenye faili. Vilevile, kipimo cha damu kinachoonyesha kiasi cha uvimbe mwilini hupanda kwa sababu nyingine nyingi, malaria ikiwemo, hivyo akija na homa aseme mapema kabla hajatolewa damu.

Kuhusu nauli, usiwe na shaka sana. Kumrudishia mtu alichotumia si kumhonga, na mgonjwa wa kisiwani asiyerudishiwa nauli ndiye huyo anayeacha katikati. Kinachokatazwa ni kiasi kikubwa kinachomfanya mtu afumbie macho hatari. Mimi ningeuliza zaidi juu ya siku zenyewe: ziwa likichafuka na meli ikaahirishwa, mahudhurio yake yanaweza kusogea kwa siku ngapi kabla hajahesabiwa kuwa amekosa, na vidonge vikimwishia akiwa Nansio nani atamfikishia?

MzeeWaIgogo alijibu:

Nimeyasoma maelezo ya muuguzi kwa heshima, lakini kuna upande ambao haujasemwa. Mwezi Machi 2006, jijini London, vijana sita wenye afya njema walichomwa dawa iliyopewa jina la TGN1412, iliyokusudiwa baadaye kutibu baridi yabisi na aina mojawapo ya saratani ya damu. Nyani walikuwa wamepewa kiasi kikubwa mara 500 kuliko hicho wasipate neno. Vijana wale ndani ya saa chache walikuwa hoi, viungo vya ndani vikianza kushindwa kazi, na ingawa wote sita waliokolewa, yupo aliyepoteza vidole. Na dawa ya Vioxx, iliyoingia sokoni mwaka 1999 kwa ajili ya maumivu ya viungo, ilimezwa na mamilioni ya watu mpaka ilipoondolewa Septemba 2004 kwa kuongeza mshtuko wa moyo. Hizo ni nchi zenye mahakama kali na magazeti yasiyolala.

Swali langu kwa wataalamu ni hili. Ikiwa dawa hii itathibitika kufaa, itauzwa kwa bei ambayo mwanika dagaa wa Ukerewe ataimudu? Kama jibu ni hapana, basi mwili wake umetumika kutengeneza kitu kitakachomtibu mtu mwingine.

Mfamasia_Kirumba alijibu:

Mzee wetu, shikamoo. Mifano yako yote miwili ni ya kweli, na ningependa kila anayeombwa ridhaa aifahamu, ila kila mmoja unasema jambo lake.

TGN1412 ilikuwa hatua ya kwanza kabisa, dawa ambayo haijawahi kuingia katika mwili wa binadamu, na kosa lililolaumiwa sana ni kuwachoma wote kwa kupishana dakika chache badala ya kumchoma mmoja na kusubiri. Baada ya hapo taratibu za hatua hiyo zilikazwa. Mama mkubwa, kwa jinsi binti alivyoeleza, anaombwa kuingia katika hatua ya baadaye, ambapo kundi la dawa linajulikana na swali ni kama inazidi tiba iliyopo na kwa madhara gani. Hata hivyo ni haki yake kuuliza ni hatua ya ngapi na ni watu wangapi wameshaimeza kabla yake.

Vioxx nayo, ukiifuatilia vizuri, ni hoja ya kuitetea plasebo. Mshtuko wa moyo kwa mtu mzima ni jambo la kawaida kiasi kwamba daktari mmoja mmoja hawezi kuona kwamba umeongezeka. Uliofichua ulikuwa utafiti ambao kikundi kimoja kilipata dawa na kingine plasebo kwa miaka kadhaa, wakichunguza vivimbe vya utumbo mpana wala si viungo, na ndipo ikaonekana kwamba baada ya miezi 18 waliomeza dawa walipata mshtuko wa moyo na kiharusi karibu mara mbili ya wenzao. Kisingekuwepo kikundi cha plasebo, watu wangeendelea kuimeza.

Sasa shinikizo la damu, ambalo kwangu mimi ndilo swali zito kuliko yote uliyouliza. Dawa ya kwanza ya kundi la JAK kwa baridi yabisi, tofasitinibu, iliruhusiwa Marekani mwaka 2012 kwa sharti kwamba utafiti wa usalama uendelee. Utafiti huo uliwachukua wagonjwa 4,362 wenye umri wa miaka 50 na kuendelea ambao walikuwa na angalau kihatarishi kimoja cha moyo, ukawalinganisha na wanaochomwa sindano za kuzuia protini iitwayo TNF, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2022 yalionyesha mishtuko ya moyo, viharusi na saratani vikiwa vingi zaidi upande wa vidonge. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kwa kundi zima mwaka 2021. Miaka 58 pamoja na shinikizo la damu ni kundi lilelile la watu. Hilo halimaanishi kwamba hawezi kujiunga, bali linamaanisha kwamba haitoshi kuambiwa kwa ujumla kwamba dawa ina madhara kama dawa nyingine. Ajue shinikizo lake linatakiwa liwe chini ya kiasi gani kabla ya kuanza, nani atalifuatilia akiwa Nansio, na kama kuvuta sigara au kuwahi kuganda damu mguuni kunamwondoa.

Yapo na ya kwetu ya hapa ziwani. Dawa zinazotuliza kinga huweza kuamsha TB iliyolala mwilini. Sindano za kuzuia TNF zilianza kutumika mwishoni mwa miaka ya 1990, na kufikia mwaka 2001 taarifa za wagonjwa waliopata TB baada ya kuzitumia zilikuwa zimechapishwa. Tanzania ilikuwemo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2021 hadi 2025 ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa ugonjwa huo, kwa hiyo picha ya kifua na kipimo cha TB iliyolala visikosekane, na akionekana nayo apewe kwanza dawa za kuzuia. Homa ya ini ya aina B ni vivyo hivyo. Mkanda wa jeshi hutokea mara nyingi zaidi kwa wanaotumia vidonge vya JAK, na upele wenye malengelenge upande mmoja wa mwili usisubiri mahudhurio yajayo. Na ikiwa anameza au amewahi kumeza prednisoloni, dawa ya steroidi ya kutuliza uvimbe, aseme pia kama amewahi kutibiwa minyoo, kwa sababu wapo minyoo wadogo aina ya strongiloidi wanaoishi mwilini kwa miaka mingi kimyakimya na ambao husambaa vibaya kinga inapodhoofishwa na dawa hizo.

Niongeze onyo ambalo halihusu utafiti. Methotreksati ni ya mara moja kwa wiki. Akiimeza kila siku inaweza kumuua. Na asichanganye na Septrin, ambayo kila nyumba ya kwetu ina mabaki yake kwenye kopo, kwa kuwa dawa hizo mbili pamoja huweza kuuzuia uboho usitengeneze damu. Diklofenaki za kununua dukani kwa maumivu nazo azitaje, kwani figo zikichoka methotreksati hubaki mwilini.

Kuhusu bei, mzee, sina jibu la kukuridhisha, na sitajifanya ninalo. Nitasema tu kwamba majaribio hayafanywi kwa ajili ya dawa mpya za gharama pekee. Mwaka 2013 ulichapishwa utafiti wa wagonjwa 353 ambao methotreksati peke yake haikuwatosha, nusu wakaongezewa salfasalazini na haidroksiklorokwini, ambazo ni dawa za zamani, na nusu wakaongezewa sindano ya etanersepti, mojawapo ya zile za kuzuia TNF, yenye bei kubwa. Baada ya wiki 48 vidonge vya zamani havikuachwa nyuma. Je, mama mkubwa amewahi kuongezewa hizo mbili? Kama bado, hilo ni jambo la kumuuliza daktari wake kabla hata ya kuifungua fomu ya utafiti, na haidroksiklorokwini ikianzishwa macho yapimwe.

Na kwamba miili yetu hutumika kwa faida ya wengine tu, hapo natofautiana nawe. Utafiti wa chanjo ya HPV, kirusi kinachosababisha saratani ya shingo ya kizazi, ulioanza hapa Mwanza mwaka 2017 uliwahusisha wasichana 930 wa miaka 9 hadi 14, ukapima kama dozi moja inaamsha kinga ya kutosha, na mwaka 2024 nchi yetu ikahamia kwenye dozi moja. Walionufaika ni watoto wa hapahapa. Nakiri kwamba chanjo hununuliwa na serikali kwa msaada wa wafadhili, ilhali kidonge cha baridi yabisi hakina mfadhili wa namna hiyo, na ndiyo sababu swali la tatu la binti, la baada ya utafiti, linastahili kushikiliwa bila aibu.

KijanaWaBuzuruga alijibu:

Mimi nilishiriki utafiti mwingine, usiohusu viungo, na nilijitoa kabla haujaisha kwa sababu za kazi. Niliombwa tu nipimwe mara ya mwisho kwa usalama wangu. Kliniki ya kawaida iliendelea kunipokea kama zamani, ila taarifa zilizokwisha kukusanywa zilibaki kwao, na damu iliyokuwa imehifadhiwa iliharibiwa kwa kuwa niliomba hivyo kwa maandishi. Ulizeni mapema kuhusu damu hiyo.

Jambo jingine: atapewa kadi ya utafiti yenye namba ya kupiga saa zote. Asiifungie sandukuni. Akipelekwa usiku zahanati ya Ukerewe akiwa na homa kali, mganga wa zamu hatajua alichomeza, na kwa dharura ya kweli wahusika wanaweza kuifungua siri ya kidonge.

BintiWaNansio aliandika:

Nawashukuru sana. Nimeirudia fomu nikiwa na majibu yenu mkononi, na baadhi ya mambo yamekaa vizuri kuliko nilivyodhani. Methotreksati imetajwa kwa jina, ataendelea nayo. Tiba ya kumwokoa asiyepata nafuu ipo, wiki ya 16. Vipimo vya TB, homa ya ini na VVU vitafanyika kabla, na shinikizo la damu linaruhusiwa ikiwa limedhibitiwa, ingawa kiwango chenyewe hakikuandikwa. Hesabu ya viungo haikuelezwa kabisa. Dawa za zamani mbili alizozitaja mfamasia hajawahi kupewa, au angalau hazimo kwenye kadi zake. Septrin ilikuwepo, kama ulivyobashiri; tumeiondoa.

Mjomba amekubali hoja ya plasebo, ila kwa shingo upande, na bado yuko pamoja na Mzee wa Igogo kuhusu bei. Kinachonisumbua ni ukurasa wa mwisho, ambapo pameandikwa kwamba baada ya utafiti washiriki "wanaweza kuendelea kupatiwa dawa kwa uamuzi wa mfadhili". Nimeisoma sentensi hiyo na sijui imeahidi nini.

MuuguziMstaafu_Igoma alijibu:

Haijaahidi chochote, mwanangu. Azimio la Helsinki linataka mipango ya washiriki ambao bado wanaihitaji dawa iliyowafaa iwekwe kabla utafiti haujaanza, na wao waelezwe wakati wa kuomba ridhaa, si siku ya kuagana. Rudini kwa mtafiti mkuu na mwulize kwa upole lakini kwa maneno yaliyonyooka: ikiwa mama mkubwa ataonekana amefaidika, atapewa dawa kwa muda gani, na nani atailipia? Ikiwa haitakuwepo, atapunguziwaje, na nani atamrudisha kwenye kliniki akiwa na maelezo ya kidonge alichokuwa akimeza? Jibu lolote watakaloliandika, hata likiwa kwamba dawa itakoma siku ya mwisho, ni bora kuliko hiyo "wanaweza", kwa sababu mtu anaweza kulipima na kuamua. Wapo wanaoamua kuingia huku wakijua itakoma, na uamuzi huo ni halali.

Akiwa huko aombe kuonyeshwa kibali cha kamati ya taifa ya maadili iliyo chini ya NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, na kibali cha TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Namba ya simu ya kamati ya maadili inapaswa kuwemo kwenye fomu yenyewe, na mnaweza kuipiga ninyi bila kupitia kwa watafiti. Fomu iseme pia nani atagharimia matibabu iwapo atadhurika. Akiamua kutia dole gumba badala ya sahihi kwa sababu ya vidole, awepo shahidi asiye mfanyakazi wa utafiti, na nakala moja aondoke nayo siku hiyohiyo.

Lile la dawa za zamani alilolisema mfamasia lisisubiri. Daktari anayemtibu ndiye wa kuulizwa kwanza, tena peke yake, si akiwa amekaa na watu wa utafiti, kwa sababu akishaanza utafiti kwa kawaida hataruhusiwa kuongezewa dawa nyingine mpaka ifike ile wiki ya 16. Na wakati mnangoja majibu, miadi yake ya kliniki asiikose, kwani kipimo cha ini na cha wingi wa damu kwa mtu anayemeza methotreksati kinatakiwa kila baada ya miezi michache hata kama hatajiunga na utafiti wowote.